Mwombaji Aliyeacha Maombi Katikati

Kila Jumatano, mchungaji akisema "Tuombe," watu wa ushirika, hapa nje kidogo ya Litein, huinamisha vichwa na kungoja. Hakuna anayeanza. Mvua inagonga bati, mtu anakohoa, benchi linalia. Kwa miaka mingi sauti ya Mongina ndiyo iliyofungua maombi, nene, isiyo na haraka, ikipita nyumba kwa nyumba na kumtaja kila mgonjwa. Sasa nafasi yake iko wazi na hakuna anayethubutu kuijaza.

Ilianza uani kwa Cherotich, jirani yake mjane. Mama mkwe wa Cherotich alikuwa ameteleza akavunjika nyonga, na gari la kumpeleka hospitali ya Longisa lilikuwa tayari linanguruma. Wanaushirika wakalizunguka, Mongina akaomba. Aliomba vizuri hata dereva akavua kofia. Alipofumbua macho, akamkuta Cherotich hakuwa amefumba yake. Alikuwa akitazama shamba lake la chai, juu ya vichwa vyao.

"Asanteni kwa maombi, akina mama," Cherotich alisema akipanda. "Lakini hii majani itazeeka."

Ni hayo tu. Mongina akarudi nayo nyumbani kama mtu aliyechomwa na mwiba asipate mahali pa kukaa autoe. Chai haingoji. Ukiiruka zamu moja, chipukizi linakuwa jani gumu, na karani wa kituo cha kupokelea majani analitupa. Naye alikuwa amemwomba Mungu amtunzie Cherotich nyumba yake. Aitunze kwa mikono ya nani? Akajiwekea sharti: hatamwomba Mungu jambo ambalo mikono yake mwenyewe inaweza kulifanya.

Lilionekana sharti dogo, lakini halikumpa nafasi ya kupumua. Kila alipofungua kinywa, sentensi ya kwanza ilimwinua kitini. Akianza kumwombea aliyelazwa, anakumbuka kwamba ng'ombe wake hajakatiwa nyasi. Jumatano moja aliacha "Ee Baba" ikining'inia hewani, akatoka na leso begani huku wenzake wakiwa bado wamefumba macho.

"Siku hizi huyu hata chakula hamalizi kuombea," mumewe, Ogari, aliwatania wageni. "Akisema 'bariki,' ameshainuka kuosha sufuria."

Wageni walicheka. Mongina alikuwa ameshainuka.

Lakini kazi ya kwanza kabisa ilikuwa ile chai, na nusura imharibie Cherotich mwenyewe. Mongina aliingia shambani asubuhi na kikapu chake bila kumwambia mtu. Katika nchi hii, ukiona mgeni anachuma kwenye mistari ya mwingine, unajua neno moja tu: shamba limekodishwa. Na Mongina ni mzaliwa wa Kisii, aliyeolewa kwa watu waliohamia hapa kwa Wakipsigis. Kabla ya saa sita habari zilikuwa zimemfikia Aron, shemeji yake Cherotich, mwenye duka la misumari na mabati mjini. Alimkuta Mongina kwenye foleni ya kituo cha majani, kikapu kimejaa.

"Mama Vivian, pole na kazi. Cherotich amekukodishia chai ya ndugu yangu lini?"

"Hajanikodishia kitu, Aron."

"Basi nani amekutuma?"

Foleni ikageuka kusikiliza. Mongina aliiona hatari yote mara moja. Mjane anayekodisha chai ya marehemu mumewe wakati mama mkwe yuko wodini anaweza kuambiwa arudi kwao. Alitaka kusema ni Mungu. Jina lilifika ulimini likakwama, kwa sababu hata Yeye, Mongina hakuwa amemuuliza.

"Nimejituma."

"Sikieni huyo! Anajituma kwa shamba ya watu!" mwanamke mmoja akaangua kicheko. "Kuja ujitume kwangu pia, kuna magugu!"

Aron akampigia Cherotich simu huko hospitali, akaifungua sauti wote wasikie.

"Sikumtuma," Cherotich alisema. "Nilinung'unika tu, yeye akasikia. Mwambie ile ya kule chini ndiyo imezeeka zaidi."

Aron akairudisha simu mfukoni. "Ungeniambia, Mama Vivian. Mama yangu amelazwa, na habari za chai yetu naletewa na watu wa boda."

"Nilidhani ni jambo langu na Mungu."

"Na mimi mmeniweka wapi?"

Mongina akapimisha majani, akaondoka. Swali hilo lilimtafuna njia nzima. Alikuwa ameyatoa maombi kinywani akayaweka mikononi, na bado hakuwa amemwona mtu aliyesimama mbele yake.

Kesho yake Aron alikuja shambani na kikapu. "Nione huko kujituma," alisema. Alichuma vibaya, vidole vya dukani vikivunja hadi vijiti, na Mongina akamwonyesha upya. Walikuwa wamefika mistari ya chini Aron alipozungumza, bila kuinua macho. Cherotich hajalala kitandani tangu aende, alisema. Na yeye, mtoto wa kiume, hawezi kumwogesha mama yake.

Miguu ya Mongina ilikuwa tayari imeanza kuondoka. Akaizuia.

"Nikienda mimi, mtakubali?"

Aron alichuma kidogo kwanza. "Mama ni mkali," alisema. "Atakutukana kwa Kikipsigis."

"Nitajifunza."

Wiki hii Cherotich yuko nyumbani, anachuma chai yake. Mongina yuko Longisa, wodi ya wanawake, kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mama yake Aron.