Fisi Aliyeinua Mguu

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa mzima wa akili, tumboni nina uji tu. Wapo walioniambia ilikuwa homa. Homa gani hiyo inayokuja mara tatu na kumuulizia yule yule?

Nilitoka kwetu Maragoli nikiwa kijana, miaka ya nzige, nikaja Kericho kutafuta kazi ya chai. Wakati huo chai yenyewe ilikuwa haijafika magotini, na msitu ulikuwa ukikatwa kila siku. Nilishika panga miezi minne. Ndipo mzungu mmoja wa pale shambani, tuliyemwita Bwana Miwani, akaona najua kusoma kidogo, akaninyang'anya panga na kunipa sanduku lake la picha nilibebe.

Bwana Miwani alikuwa na wazimu wa wanyama. Hakuwapiga risasi, aliwapiga picha. Nilimbebea kamera yake ya miguu mitatu pamoja na vioo, kwa sababu siku hizo picha ilishikwa kwenye kioo, nikajifunza kuviosha gizani kwa dawa mpaka mnyama anajitokeza polepole, kwanza masikio, halafu macho. Nikuambie ukweli, kazi hiyo niliipenda kupita kiasi. Sikuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini nikimtazama nyati ndani ya kile kioo nilijiona mimi ndiye mwenye nyati. Ubaya wangu ulianzia hapo.

Mnyama mmoja tu alikuwa ametushinda, naye ni fisi. Bwana alimtaka uso kwa uso, akiwa anatembea. Tulikuwa na ujanja wetu. Kamera unaifunga kwenye mti kando ya njia ya mnyama, unakaza uzi kukatisha njia, na jua likizama unafungua jicho la kamera unakwenda zako. Mnyama akiugusa uzi, baruti ya mwanga inalipuka, picha imeingia. Asubuhi unafuata kioo chako.

Rafiki yangu pale alikuwa arap Tonui, Mkipsigis wa upande wa Merigi, niliyekata naye miti. Jumapili alinichukua kwao, nikanywa maziwa ya kibuyu kutoka mkononi mwa mama yake. Mama yule hakuwa mzee sana. Alinicheka nilivyokunja uso kwa ule ukali wa maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa, halafu akaniongezea. Basi siku moja Tonui akaomba ruhusa aende nyumbani, mama anaumwa, na mke wake naye yuko karibu kujifungua.

Siku ya tatu tangu Tonui aondoke, Bwana akaniambia, "Wewe tafuta fisi. Wewe leta fisi, mimi tapa wewe koti." Nikazunguka kutwa, na unadhani nyayo mpya nilizikuta wapi? Nyuma ya boma la kina Tonui, upande wa machweo, kwenye njia inayotoka msituni. Jua likielekea kuzama nikafunga kamera, nikakaza uzi, nikafungua jicho. Bomani sikupita hata kusalimu. Nilijiambia nitapita kesho nikiwa na habari ya fisi wangu.

Sasa sikiliza kosa langu. Kwetu mtu akifa tunamzika kando ya nyumba yake. Wakipsigis wa zamani hawakufanya hivyo. Maiti ililazwa vichakani, upande wa machweo, na fisi ndiye aliyekuja kuichukua. Kwao fisi wa siku hiyo hakuwa mwizi, alikuwa mpagazi. Akija usiku wa kwanza, watu wa nyumbani wanashusha pumzi, marehemu wao amepokelewa. Asipokuja, kuna mtu ndani ya boma ana kosa alilolificha. Mimi hayo nilikuwa nimeyasikia juu juu, nikadhani yalikwisha na kuja kwa misheni. Mama Tonui alikata roho mchana ule ule, wala sikujua. Walimlaza giza lilipoanza kuingia, hatua mia mbili hivi kutoka kwenye uzi wangu, upande wa boma.

Kulipokucha nikarudi. Ukungu ulikuwa mzito, unaona mti unapokaribia kuugonga tu. Uzi umekatika! Baruti imelipuka! Nilitaka kupiga vigelegele. Nikiwa nafungua kamera nikaona mtu ameketi katikati ya njia, amejifunika ngozi mabegani. Kusogea hivi, ni mama Tonui. Niamini, nilifurahi. Kumbe amepona!

"Takwenya," nikamwamkia, kama wanavyoamkiwa wanawake wa huko.

Mwanamke wa Kipsigis akiamkiwa hivyo hujibu "Igo", hata akiwa amekununia. Mama hakujibu. Alinitazama, halafu akauliza, "Yule aliyekuja kunichukua amekwenda wapi?"

Nikafikiri anangoja mtu wa kumpeleka kwa daktari. "Atarudi, mama," nikasema. "Mngoje hapo hapo." Nikabeba kamera yangu nikaondoka mbio, maana roho yangu yote ilikuwa kwenye kile kioo.

Nilikuwa nimefika kwenye mistari ya chai ndipo nikaligundua jambo. Mama Tonui hakujua Kiswahili zaidi ya maneno matano. Nami Kipsigis changu kilikuwa cha salamu tu. Basi tulikuwa tumezungumza kwa lugha gani? Kwa Kimaragoli, ndugu yangu. Kile cha mama yangu mzazi, na lafudhi yake.

Gizani nikaosha kioo. Fisi akatokea. Sijawahi kuona picha nzuri kama ile. Uzi umemkatia kifuani, mguu mmoja wa mbele ameuinua haujarudi chini, na uso wake, utashangaa, haukuwa wa mnyama mwenye uchoyo. Ulikuwa uso wa mtu aliyetumwa, akasimamishwa njiani na mtu asiyemjua. Bwana Miwani alicheza kama mtoto. Koti nikalivaa siku hiyo hiyo. Nikajitengenezea na picha moja ya karatasi kwa siri, nikaificha chini ya kitanda changu.

Mchana Tonui akaja. Kichwa amenyoa, macho mekundu.

"Mama amekufa," akaniambia. "Na fisi amekataa yeye. Wazee wanasema ni bibi yangu, ati alimnunia mama akiwa mgonjwa. Wanataka kumfukuza na hiyo tumbo yake." Akanishika mkono. "Rafiki, wewe unatembea huko na hii sanduku yako. Umeona fisi? Kuna kitu imemfukuza?"

Nilikuwa nimevaa koti. Neno moja tu lingemwokoa mke wake. Lakini nilimwona Bwana akinirudisha kwenye panga, nikaona fisi wangu akitupwa, nikasema, "Sijaona kitu."

Usiku wa pili wakachinja mbuzi, wakaweka nyama pale kumbembeleza fisi. Wapi! Alikuwa ameonja moto usoni, na harufu ya baruti ilikuwa bado kwenye majani. Siku ya tatu, mvua ya mawe ilipoanza kupiga chai kama ilivyo kawaida ya Kericho mchana, nilikuwa njiani na wenzangu sita. Mama Tonui alikuwa ameketi pale barabarani, ngozi yake kavu kabisa. Wenzangu walimpita huku na huku kama unavyopita kisiki, hakuna aliyemtazama.

"Nimengoja pale uliponiambia," akasema kwa Kimaragoli. "Amekwenda wapi?"

Nilitupa sanduku la Bwana kwenye matope nikakimbia mpaka kwa kina Tonui, mwendo wa saa mbili. Nilikuta mtoto amezaliwa, msichana. Wanawake walikuwa wakiita majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, kama desturi yao, maana mtoto hupiga chafya likitajwa jina la aliyerudi ndani yake. Waliita jina la mama Tonui kwanza. Kimya. Wakaliita tena, na tena. Kimya. Nje, wazee wamemkazia macho Tonui, wakingoja amfukuze mke wake.

Nikapiga magoti mbele yao nikasema yote. Uzi, baruti, koti, uongo.

Hakuna aliyenipiga. Natamani wangenipiga. Tonui akasema, "Mimi nilikuuliza. Nilikuuliza wewe nikiwa nimekushika mkono." Tangu siku hiyo hatukunywa tena kibuyu kimoja.

Mke wake akaachwa kwa amani, hilo nalishukuru. Lakini fisi hakuja tena kwenye njia ile. Siku ya nne walimzika mama udongoni kama wanavyozika watu wa kwetu, nami nikachimba, huku jembe likinichoma viganja kwa aibu. Mtoto alikuja kupiga chafya kwa jina la bibi mwingine wa zamani. La mama Tonui halijarudi kwa mtoto yeyote.

Tonui akaniambia neno moja la mwisho, nilete kile kioo kivunjwe. Nikaenda. Bwana Miwani alikuwa amekwisha kukituma Ulaya. Nikamweleza Tonui hivyo, na ulikuwa ukweli. Karatasi iliyokuwa chini ya kitanda changu sikuitaja.

Miaka mitano ikapita. Siku moja sokoni Merigi msichana mdogo akanivuta koti, lile lile koti. Nilimjua kwa uso, alikuwa binti ya Tonui, mtoto ambaye hajawahi kusikia neno la Kimaragoli maishani mwake. Akaniambia kwa Kimaragoli safi, "Kuna mama ameketi njiani. Anauliza kama umemfungua yule."

Jioni ile niliichoma karatasi, na koti nikalichoma juu yake. Tangu hapo sijamwelekezea mnyama kamera. Wewe ukimwona mnyama njiani unadhani amekuja ili umtazame. Nami nilidhani hivyo. Kumbe alikuwa anakwenda mahali, na kuna mtu huko aliyekuwa akimtegemea.

Lakini kioo kiko Ulaya, na huko sina wa kumtuma. Basi nakuomba wewe. Ukifika kwenye nyumba ya watu, ukaona ukutani picha ya fisi mwenye uzi kifuani na mguu mmoja juu, usiisifu. Itoe, na kama kioo chake kipo, kivunje, hata wakufukuze. Mguu ule urudi chini, amalize safari yake. Mama Tonui bado ameketi pale, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia angoje.