Mfupa Chini ya Mawaridi

Mwanamke niliyetaka kumwoa alikuwa Mkenya, nesi, na baba yake alishafariki. Wa kunikubali au kunikataa alikuwa baba yake mdogo aliyeishi Lanham, huku Marekani, na mzee huyo hakunipenda hata kidogo. Eti hakuielewa kazi yangu.

"Unafanya kazi gani hasa?" aliniuliza siku ya kwanza, kabla hata sijamaliza shikamoo yangu ya Kitanzania.

"Ninaangalia misitu ya kaskazini inavyoungua, mzee. Kanada, Alaska, Siberia."

"Unazima?"

"Hapana."

"Unawasha?"

"Hapana, mzee."

"Sasa unalipwa ukifanya nini?"

"Kuangalia. Kwenye picha za setilaiti."

Akamgeukia mkewe, ambaye sote tulimwita Anti. "Umesikia? Ametoka Njombe, amevuka bahari, kuja kuangalia moto. Na sio yake!"

Miaka hiyo ya mwisho ya tisini nilikuwa na hasira za karibu. Badala ya kunywa chai yangu kimya, nikaanza kumweleza. Nilimwambia kule kaskazini msitu umelalia zulia nene la majani yaliyooza na yale manyoya ya kijani yanayoota penye unyevu. Zamani zulia lile lilikaa limelowa. Siku hizi dunia inapata joto, theluji inaondoka mapema, zulia linakauka, na radi ikipiga, moto unazama chini kwa chini. Pengine hata theluji ikianguka juu yake haufi. Unalala huko, unangoja mwezi wa nne au wa tano, kisha unaamka.

Mzee alinisikiliza ameinamisha kichwa, kwa upole anaosikilizwa nao mgonjwa wa homa kali.

"Moto inalala chini ya theluji?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ikiamka, inaitisha chai?"

Mchumba wangu alicheka mpaka akamwaga juisi. Nikamtazama, nikajisemea, na huyu naye yuko upande gani?

Hukumu ilitoka papo hapo. Jumamosi nilete mbuzi, nimchome mwenyewe, wazee wanione. "Mwanamume anayejua moto," alisema Mzee, "tutamjulia kwa jiko."

Kiangazi kile mvua ilikuwa imegoma. Serikali ya jimbo ilikataza watu kumwagilia nyasi, na nyua zote za Lanham zilikuwa na rangi ya biskuti. Yaliyopona ni mawaridi ya Anti tu, nyuma ya nyumba, kwa sababu aliyabebea maji ya kusuuzia vyombo, ndoo kwa ndoo, huku akiyasemesha. Aliyasemesha kwa upole kuliko alivyomsemesha mumewe. Chini ya mashina alikuwa ametandaza vipande vya magome ya miti, yale matandazo wanayouza kwa magunia, nayo yalikuwa makavu kama ugoro.

Basi Jumamosi ile, mbele ya wanaume wa Kikenya waliokunja mikono kifuani, mimi mtaalamu wa moto nilishindwa kuwasha mkaa. Jamani! Nilipepea kwa sahani. Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka. Mkaa ukanitazama tu.

"Pigia setilaiti simu!" Mzee akapaza sauti, wenzake wakashikana mabega kwa kicheko.

Mwishowe aliwasha yeye, akachoma yeye, akakata yeye. Mimi nikapewa kazi ya kushika chumvi.

Tulipomaliza kula, Mzee akalibeba jiko hadi nyuma ya nyumba, akamwaga jivu na makaa pembeni mwa mawaridi, pamoja na mifupa ya kwenye sahani yake. Juu yake akamimina kikombe kimoja cha maji. Kikombe!

"Mzee," nikasema, "huo moto haujafa."

"Kijana, nimechoma mbuzi kabla mamako hajaolewa. Hiyo moto imekufa, tena imezikwa."

Nilifungua kinywa nimjibu, mchumba wangu akanikanyaga mguu kwa kisigino. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa, lakini asiyesikia la mdogo sijui huvunjika nini.

"Tutaongea kesho baada ya kanisa," Mzee aliniambia nikiaga. "Lakini suti usinunue."

Asubuhi simu ikalia nyumbani kwangu Laurel. Sauti ilikuwa ya kunong'ona.

"Wewe. Kuja haraka. Na usipige kengele, pitia nyuma."

Nilimkuta Mzee amevaa suti ya kanisani, miguu mitupu, suruali kaikunja hadi magotini, mkononi sufuria ya maji. Moshi mwembamba ulitoka kwenye matandazo, hapa na pale, mbali kabisa na pale alipomwaga makaa. Majani ya mawaridi yalikuwa yamejikunja, ya kahawia.

"Ililala," aliniambia, macho yamemtoka. "Halafu ikaamka."

Tukachimba, tukamwaga maji, tukakoroga tope kwa mikono mpaka likapoa. Mawaridi yalikwisha kuiva mizizi. Hapo ndipo Mzee aliponishika ukosi wa shati.

"Sikiliza. Huyu mama ataniua. Utamwambia ni ile joto yako ya dunia."

"Lakini mzee..."

"Si wewe ndio mtaalamu? Ukisema, atakubali. Sema hivyo, na msichana ni wako. Leo, kabla ya ibada."

Sioni haya kusema kwamba nilimtaka yule mwanamke kuliko shahada iliyonileta Marekani. Tena uongo wenyewe haukuwa uongo mtupu, maana ardhi kweli ilikuwa imekauka. Nilikuwa bado napiga hesabu hiyo kichwani wakati mlango ulipofunguliwa, Anti akatoka na kofia yake ya Jumapili, mkoba na mwavuli. Akayatazama mawaridi. Uso ukamsawijika, nikamwonea huruma kwelikweli.

"Nani amenichomea maua?"

"Uliza mtaalamu," alisema Mzee.

"Ni joto, Anti," nikaanza. "Mwaka huu ardhi imekauka kupita kiasi." Mzee akawa anaitikia kwa kichwa kama mjusi kafiri. "Sasa matandazo yakishakauka namna hii, hata radi ndogo tu..."

"Radi?"

"Kule kaskazini mara nyingi ni radi."

Anti akainama, kofia na yote, akachokoa lile tope kwa ncha ya mwavuli. Akainua ubavu wa mbuzi, alama za meno bado zinaonekana.

"Na hii radi," akaniuliza, "ilikula upande gani wa mbuzi?"

Natamani ningesema kwamba nilikiri kwa ujasiri. Wapi! Mfupa ulishakiri wenyewe, mimi niliufuata tu.

"Joto ndilo lililokausha, Anti," nikasema. "Lakini joto halimwagi makaa."

Mzee alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikajua nimemkosa mke. Anti aliugeuza ule mfupa, akamtazama mumewe, kisha akaanza kucheka mpaka kofia ikamwendea upande.

"Mpe msichana," alisema. "Mwanamume anayedanganya vibaya hivi hatatusumbua."

Mzee alitaka kusema neno. Anti akainua mfupa. Mzee akakumbuka kwamba kanisani tunachelewa.

Tulioana. Anti alipanda mawaridi mengine, na miaka mingi baadaye tulimzika mwenyewe, Mzee akabaki peke yake Lanham, kifua kikimsumbua. Kisha kikaja kiangazi ambacho moshi wa misitu ya Kanada uliteremka mpaka kwetu. Jua likawa kama kiini cha yai, tukaambiwa tusitoke nje. Simu ikalia.

"Mkwe, moto yako imefika. Iko hapa kwa dirisha."

"Funga madirisha, mzee."

"Nimefunga. Inaingia tu." Akakohoa kwa muda mrefu, na mimi nikasimama na simu sikioni, naogopa. "Wanasema iliwashwa na nani?"

"Wanasema radi."

Nilisikia ile mashine yake ya kupumulia.

"Radi," alisema hatimaye, kwa sauti ileile ya Anti. "Na mfupa mmetafuta?"