Siku Wakili Amukoya Alipolala Chini

Saluni ya mama yangu pale kituo cha matatu cha Kawangware 56 ilinuka dawa ya nywele hadi barabarani, na ofisi ya Wakili Amukoya, iliyokuwa juu yetu, ilinuka vivyo hivyo. Wateja wake walikuwa wapangaji wenzetu, mafundi na wauza mitumba wa Soko la Toi, ambao wenye ploti za kupangisha walikuwa wamewatupia vyombo nje. Hakuwa wakili wa magazetini. Alikuwa na suti moja ya kahawia, na alipoamua kugombea kiti cha wadi, mwaka niliotimiza miaka kumi, mabango yake tuliyabandika sisi wenyewe kwa uji wa ngano.

Kampeni zile zilikuwa za mawe. Jumamosi ya mwisho, saa tano asubuhi, vijana wa mpinzani wake walitokea upande wa Riruta wakiwa na marungu na minyororo ya baiskeli. Wakili alikuwa juu ya meza mbele ya saluni akihutubia. Walimvuta miguu, akaanguka kifudifudi, wakampiga hadi nikasikia mfupa wa mkono ukivunjika, mlio mkavu kama wa kuni. Watu wetu walipozinduka waliwafukuza, na mmoja wa vijana hao akateleza mtaroni. Hakuzidi miaka kumi na minane.

Ningeweza kusema umati ulimvamia. Ni sisi tuliomvamia. Mama, ambaye hakuwahi kunichapa, alimpiga kwa kiti cha saluni. Mimi niliokota jiwe nikarusha, nikaona damu ikimtoka sikioni, na nikafurahi. Kisha mtu akaleta tairi na petroli.

“Choma yeye!” tulipiga kelele.

Wakili alitambaa katikati ya miguu yetu, mkono ukining'inia, akalala juu ya yule kijana. Jiwe langu la pili lilimpata yeye mgongoni.

“Wakili, toka hapo!” mama alilia. “Si huyo ndiye amekuvunja mkono?”

“Ndiye, Mama Nekesa. Na nataka kumwona kortini. Kama mnachoma, chomeni sisi wote wawili.”

Petroli aliyomwagiwa kijana ilikuwa imeshalowesha suti ya Wakili. Aliyeshika kiberiti alikitazama, akatutazama sisi, akakitia mfukoni. Tulibaki tumesimama hivyo, tukihema, hadi polisi walipofika.

Kijana alifungwa. Wakili alishindwa vibaya, kwa sababu watu wetu walisema anayemkumbatia adui hawezi kututetea. Hata mama hakumpigia kura. Wakili alihama na mkono wake uliopinda, na baadaye tukasikia amefariki huko kwao magharibi.

Leo pale palipokuwa saluni pana jengo la ghorofa sita, na ukimtaja Amukoya watu wanakuuliza ni nani. Tumesoma, tumepata lami, tunajiona waungwana kuliko wazazi wetu. Lakini mwezi uliopita, nikitoka kazini, kijana alikamatwa akiwa na simu ya wizi, kelele zilezile zikapanda, na watu wakakimbilia huko wakiwa wameinua simu zao wapige picha. Sikujiunga nao. Wala sikuwazuia. Nilivuka barabara, nikaenda zangu.