Karanga Ndani ya Shamba la Pamba

Walisema sitamaliza hata mwaka mmoja. Walisema Misioni ya Kasongo itanirudisha kabla ya mvua ya pili, kwamba mimi ni mtoto wa maneno mengi na mikono myepesi, na kwamba aliyefaa kwenda ni yaya wangu Donati, ndugu yangu mkubwa. Mwanangu, nilimaliza yote. Nilirudi Lusangi nimevaa suruali ndefu na viatu, na diploma ya ualimu ndani ya bahasha ngumu, na hakuna mtu wa kijiji chetu aliyewahi kushika karatasi ya namna hiyo kabla yangu. Najisifu, ndiyo. Niliitolea jasho. Lakini waliosema Donati ndiye aliyefaa walikuwa wamesema kweli, na leo nataka nikueleze kwa nini nilikwenda mimi.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa ya kupalilia pamba. Wakati ule Bula Matari, ile serikali ya Wabelgiji, alimpimia kila baba kipande chake kwa kamba, na kipande chote kilitakiwa kuwa pamba tupu. Mimi na Donati tulipalilia mistari miwili, bega kwa bega, na tulikuwa na mchezo wetu: kila mmoja anamtungia mwenzake shairi la kumcheka, na anayekosa la kujibu anapalilia mstari wa mwenzake mpaka mwisho. Watoto wa mashamba ya jirani waliacha majembe yao ili watusikilize. Siku ile nilianza mimi:

Donati wetu wa mbio,
mbio zake za chunguni;
ukimwita kwenye pamba,
homa iko miguuni.

Watoto walicheka. Donati hakuinua hata uso, aliendelea kung'oa majani, kisha akajibu kwa ule ulimi wake wa polepole:

Kichwa cha Paskali paa,
mvua haitufikii;
tumekaa chini yake,
na kodi hatulipii.

Hapo walianguka chini kwa kicheko. Mmoja wao akaniuliza, "Paskali, hapo kwako kuna nafasi ya mbuzi wetu pia?" Na ni kweli kichwa changu kilikuwa kikubwa, unakiona bado. Nilitafuta jibu sikulipata. Donati alikuwa amekwisha kunisogezea mstari wake.

"Palilia, mudogo. Usiache mizizi."

Ujue pia kwamba wiki ile katekista alikuwa ameandika jina la Donati. Kila kijiji kilitoa kijana mmoja wa kwenda kusomea ualimu Kasongo, na wetu alikuwa yeye. Mimi nilikuwa wa pili. Nilimwonea wivu. Kwa hiyo sikutafuta tena utani. Nilitafuta kitu cha kumuumiza, na nilikuwa nacho.

Kule nyuma ya shamba, pamba ilipokuwa ndefu hata mtu wa barabarani hawezi kuona, kulikuwa na karanga. Mama ndiye aliyetaka zipandwe, maana pamba hailiwi, na mwaka uliotangulia tulilala njaa. Baba alikuwa ameitwa kwenye kazi ya barabara, basi Donati alichimba vishimo na Mama akatia mbegu. Nyumba nzima ilijua, na nje ya nyumba hakuna aliyejua. Nikasema:

Pamba ya yaya Donati
haina nyuzi, sikia:
ukiing'oa mizizi,
karanga zaning'inia.

Donati aliniangalia tu, akashika jembe, akapalilia mstari wangu mpaka mwisho. Nikajiona mshindi. Sikuona kwamba watoto walikuwa wanalirudia, wanalipigia makofi, wanakwenda nalo nyumbani. Shairi baya husahaulika. Lile lilikuwa zuri, na ubaya wake ulikuwa hapo.

Siku ya tatu monita wa pamba, yule mkaguzi wa mashamba, alipita na baiskeli yake. Watoto walikuwa wanaliimba kando ya barabara. Alisimama, akacheka nao, akawaomba wamwimbie tena. Kisha akauliza kwa upole sana, "Na huyu Donati, shamba lake liko wapi?"

Alikuja kwetu na kapita, msimamizi wa kijiji. Waliingia ndani ya pamba, wakatoka na shina moja la karanga, udongo ungali unadondoka. Baba alikuwa amerudi, amekaa na mguu uliovimba. Monita akauliza ni nani aliyepanda. Mama alifungua mdomo, na mimi, Mwanangu, niliufunga wangu.

"Ni mimi," Donati alisema. "Baba alikuwa kazini. Mama hajui kitu. Mimi napenda karanga."

Walimpeleka gereza la Kabambare kwa wiki mbili. Zile karanga ziling'olewa zote mbele ya macho yetu. Katekista alipokuja kuchukua kijana wake, alimkuta Donati yuko gerezani, na misioni haikutaka mtu wa gereza. Akafuta jina moja, akaandika lingine.

Kabla sijaondoka kwenda Kasongo, Mama alinipa bukari, ule ugali wetu, na sombe ya kisamvu ndani ya majani, akaniambia nimpelekee. Nilitembea kutoka alfajiri. Nilimkuta anakata nyasi pembeni ya barabara pamoja na wafungwa wengine. Askari alituruhusu kukaa kidogo. Donati alikula kwanza, alikula yote, kisha akafuta mkono.

"Ulitunga vizuri. Hata askari wanaliimba hapa."

Nilianza kulia.

"Ngoja nimalize. Uvivu wangu ni wako, uucheke unavyotaka. Kichwa chako ni changu, nitakicheka mpaka uzeeni. Lakini zile karanga zilikuwa za Mama. Hazikuwa zako wala zangu, na wewe ulizitoa nje ili ushinde mstari mmoja wa majani."

"Yaya, nitamwambia katekista kwamba ni mimi niliyelitunga."

"Ukimwambia, atakosa watu wawili. Nenda Kasongo. Ukifukuzwa huko, ndipo nitakukasirikia."

Basi nilikwenda, na sasa unajua nilisoma kwa nguvu ya nani. Wenzangu walipolala mchana, mimi nilikuwa na kitabu.

Siku niliporudi, baada ya miaka mingi, Donati akiwa amekwisha kuoa na kuzaa, watu walijaa uani kwetu. Mzee mmoja wa wale waliosema sitaweza alitaka kuishika diploma, nikampa, akaigeuza juu chini. Nikasimama, nikawaambia wote kwamba lile shairi lililomfunga Donati lilikuwa langu, na kwamba nafasi ile ilikuwa yake. Mama aliangalia chini. Nikaiweka bahasha mikononi mwa Donati mbele yao.

Aliifungua, akaisoma neno kwa neno, kwa maana herufi alizijua vizuri kuliko wengi. Kisha akanirudishia.

"Imeandikwa Paskali. Mimi nina watoto wawili wasiojua kusoma. Waje kwako kesho?"

"Waje leo."

Walikuja jioni ile ile, na mimi ndiye niliyewafundisha, mpaka wa mwisho wao akavaa viatu vyake na kwenda Kasongo.

Mwanangu, gombana na ndugu yako, sikukatazi. Mtungie mashairi, mcheke pua, mcheke usingizi na ulafi wake, na umwache naye akucheke. Lakini ukifika mahali umekosa neno, kubali kushindwa na upalilie mstari wake. Jambo linalolisha nyumba yenu usilitoe nje kwa ajili ya kicheko cha majirani, maana huwezi kujua ni nani amesimamisha baiskeli anasikiliza. Na kama umekwisha kulitoa, usingoje miaka kama nilivyongoja mimi. Sema siku ile ile, ukiwa bado unatetemeka.

Mungu akupe ndugu wa kukucheka mpaka mvi ziwatoke wote wawili, na chakula cha kutosha katika nyumba isiyohitaji kukificha.