Ndoo Ina Mwenyewe

Shangazi yangu hutotolesha vifaranga kwa mashine. Watu humletea mayai, anayapanga ndani ya sanduku la mbao lenye joto, na wiki tatu baadaye wanarudi kuchukua vifaranga. Mimi nashona nguo chumba cha pili, ukuta mmoja na mashine yake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Sasa umeme wetu. Nikiutaja tu damu inanichemka. Ulikuwa unakuja ukijisikia, na hata ukija unapepesa kama mtu mwenye usingizi. Na huo mdogo nao ulikuwa na mungu wake: fundi wa laini, jitu la kuchekacheka, tuliyemwita Swichi. Kazi yake ilikuwa kutunza transfoma ya njia panda, ila kwake kutunza kulimaanisha kuchomoa fyuzi. Ukimuudhi, mtaa wako unalala giza na unaambiwa laini imezidiwa. Kinyozi alimwambia asubiri zamu yake. Haikupita muda mrefu mteja akabaki kitini, nusu ya kichwa imenyolewa. Tulicheka sana, lakini siyo mbele ya Swichi.

Siku moja alimtaka shangazi ampe vifaranga vya bure, eti mashine inakula umeme wake.

"Hawa ni wa watu, kaka yangu," shangazi alimjibu. "Siwezi kuwatoa."

Swichi akacheka, akaenda zake. Jioni mtaa wetu ukazimika, wa chini ukawaka kama kawaida.

Vifaranga walikuwa wameshaanza kutoboa maganda. Shangazi aliifunika mashine kwa mablanketi yote ya nyumbani, hata langu, akazungushia chupa za maji ya moto. Nilikuwa nasikia milio yao ukutani, ikipungua. Asubuhi ilikuwa kimya. Akawatoa mmoja mmoja, midomo imetokeza kwenye ganda, akawaweka kwenye ndoo ya bluu, akaibeba mpaka njia panda.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza Swichi. "Ningetafuta pa kuwahamishia."

"Umeme ukikatika si unaona mwenyewe?"

Alirudi nyumbani. Akawafukia nyuma ya choo, akaiosha ndoo, akaitundika kwenye msumari juu ya mashine. Kila nilipomwomba ya kufulia alinikatalia. "Iache hapo. Ina mwenyewe."

Halafu akafunga sola. Wapo watakaosema aliipenda nishati safi. Wapi! Shangazi alifunga sola kwa hasira. Paneli zilipanda juu ya bati, betri zikakaa chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, na waya wa zamani fundi alipoung'oa, shangazi akauviringisha na kwenda kuutupa miguuni pa Swichi. Kinyozi akafuata. Mwenye duka la vinywaji baridi akafuata. Shangazi alikuwa anaingia nyumba kwa nyumba kama mgombea wa kura, akieleza mambo ya betri, na jina la Swichi halitaji hata mara moja. Wateja wakamwishia yule bwana. Upepo ulipoangusha nguzo, shirika la umeme halikuona faida ya kuzisimamisha kwa ajili ya nyumba chache zilizobaki. Laini ikafungwa na kibarua cha Swichi kikaota nyasi.

Ndipo akaja kwetu kabeba trei za mayai, mpole utadhani si yeye.

"Dada, kuku ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo. Haya yakiharibika, mimi na watoto wangu hatuna pengine pa kushika."

Shangazi akayapokea. Nilipomfokea, akasema tu kwamba mayai hayajamkosea mtu.

Kuanzia hapo Swichi akawa mgeni wa kila siku. Mashine ina taa ndogo nyekundu kwa nje, ya kuonyesha kwamba joto lipo. Alikuwa anaitazama ile taa, anashusha pumzi, anaondoka, halafu anarudi tena. Alijua, kama mashine ingekuwa mikononi mwake, yeye angefanya nini.

Siku za mwisho mashine haifunuliwi kabisa. Hewa kavu ikiingia, utando ulio ndani ya ganda hukauka na kumbana kifaranga asiweze kutoka. Shangazi alimweleza hilo taratibu, mara mbili, nami nikiwepo. Kesho yake asubuhi akafungua ile taa nyekundu, akaitia mfukoni.

"Naenda sokoni," akaniambia. "Akija mkaribishe. Mwambie mashine ni nzima na asiifunue."

Swichi akaja. Kuona pale pa taa hapawaki, akapiga kelele. "Amezima!"

"Hajazima. Amesema usifunue."

"Amesema! Sasa ulitaka aseme nini?"

Akafunua. Nje kulikuwa na upepo wa kiangazi na dirisha lilikuwa wazi. Akaingiza mkono, akahisi joto, hakuliamini. Akadhani ni la jana linaisha. Akafunika, akafunua tena, akawa anainua yai moja moja na kuliweka sikioni. Neno moja langu, kwamba taa imefunguliwa tu, lingemtuliza. Nikakanyaga cherehani yangu kwa nguvu, na sitawadanganya, nilisikia raha.

Shangazi alirudi jua likiwa la utosi. Swichi akamrukia kwa maneno, kwamba amewaua vifaranga wake. Shangazi akatoa taa mfukoni, akaikaza mahali pake, ikawaka nyekundu.

Swichi akaitazama taa, akatazama mikono yake. Ndani ya mashine milio ilikuwa imeshaanza kupungua.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Joto likiwepo si unalisikia mwenyewe?"

Shangazi akalowanisha kitambaa, akainama juu ya mashine. Wachache waliokuwa na nguvu bado aliwabandua kwa kucha, polepole, maana hao kweli hawakumkosea. Waliobaki hakuwagusa. Akanyoosha mkono juu, akaishusha ndoo ya bluu kwenye msumari, akampa mwenyewe.