Nilipima Bodi ya Pikapu Mlango Ukiwa Wazi

Kuna siku moja ambayo bado naikumbuka vizuri, mwanangu. Ndiyo, nakuita mwanangu ingawa bado navaa sare ya shule na wewe umenipita kwa urefu. Umeniandikia kwamba mjomba, baba yako, amekuachia kazi ya kuchagua kiungio cha karavani, na kwenye jambo hilo mimi ndiye mzee, kwa sababu nimetangulia kukosea.

Ulikuwa mwaka wa kwanza wa korona. Mama alikuwa nesi katika hospitali ya Westmead, kama alivyo hadi leo. Bibi alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kenya, mipaka ikafungwa, akabaki nasi huku ughaibuni, Toongabbie, na kifua chake kibovu. Mama aliogopa kumletea ugonjwa, kwa hiyo akawa analala gereji, juu ya godoro la kupuliza, kati ya mashine ya kukata nyasi na baiskeli yangu. Chakula tulimwekea mlangoni tukakimbia. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia akaanza kukohoa, tukadhani ni korona. Kumbe ilikuwa ni ile baridi ya sakafu ya simenti tu.

Rafiki wa baba kanisani akatuazima karavani yake, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari: kitanda, hita, choo, kila kitu. Ila ni ile aina isiyofungwa nyuma ya gari. Pua yake hupanda juu ya bodi ya pikapu, pale pa mizigo, na kukaa kwenye kiungio kilichofungwa ndani ya bodi, karibu na ekseli. Pikapu ya baba ina bodi fupi, na kiungio hakuwa nacho.

Nyumbani kwetu, kama kwenu, mambo ya mtandao na fomu za Kiingereza ni kazi ya mtoto. Baba akasema, "Wewe ndiye unajua hizi vitu. Pima, tafuta, agiza." Nikajiona meneja. Nikatazama video mbili (moja na nusu, kusema ukweli), nikaenda kupima bodi. Mlango wa nyuma ulikuwa umelala wazi, na mimi nimeukalia, kwa hiyo nikapima hadi mwisho wa mlango, pamoja na pale nilipokalia. Nikajaza fomu. Website ikajibu kwamba kwa bodi ndefu kama hiyo kiungio cha kawaida, kisichosogea, kinatosha. Nikaagiza.

Kilipofika tukakipeleka Smithfield kwa Mzee Bakari, fundi wa kuchomelea kutoka Tanga. Akalitazama boksi, hakulifungua.

"Bodi amepima nani?"

"Mimi."

"Mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, au wazi?"

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba haijalishi. Mzee akamgeukia baba. "Huyu anasema Kiingereza ili mimi nisimwelewe, au ili yeye asijisikie mwenyewe anachosema?"

Baba akacheka ndani ya barakoa. Mimi sikucheka.

Mzee akachukua kadibodi ya friji, akaikata kwa upana wa karavani, akailaza juu ya bodi na kuishikiza kwa bolti pale kiungio kingekaa. "Geuza," akaniambia, "kama baba yako anavyoingia getini kwenu." Unaijua kona ya geti letu. Nikageuza. Hata robo tatu ya kona sijafika, pembe ya kadibodi ikagonga kioo cha nyuma cha kabini.

"Nyuma ya kioo hicho kinakaa kichwa cha nani?"

"Cha baba."

"Na nani anaisubiri hiyo karavani?"

"Mama." Kisha nikaanza, "Lakini website ilisema..."

"Website haijawahi kuiona pikapu ya baba yako. Wewe umeiona."

Hapo ndipo nikasema. Kwamba nilipima mlango ukiwa wazi, kwamba video sikuimaliza. Nilijua baba atawaka. Baba akanikabidhi futi tu: "Haya. Pima tena." Nawashukuru wote wawili kwa hilo hadi leo, maana wangenipigia kelele ningeshika hasira na nisingejifunza kitu.

Tukarudisha kile, tukachukua kiungio kinachoteleza, kinachobeba uzito wa karavani ile. Barabarani unakifunga mbele. Ukifika kwenye kona kali unasimama, unafunga breki za karavani, unachomoa pini, unasogeza pikapu mbele taratibu hadi kiungio kijifunge kwa nyuma, ndipo unakata kona. Getini kwetu baba alifanya hivyo hivyo, mimi nikiangalia pembe ya karavani. Kati yake na kioo ilibaki nafasi ya mkono wangu mzima.

Mama aliingia saa tisa mchana, akawasha hita, akalala hadi kesho yake. Bibi akahamishia kiti chake kwenye dirisha la jikoni, mkabala na dirisha la karavani, wakawa wanapigiana simu huku wanatazamana, wakimsengenya baba. Bibi hakuugua. Mipaka ilipofunguliwa alirudi nyumbani kwa miguu yake, akilalamika kuhusu chai yetu.

Basi, mwanangu, fanya hivi. Funga mlango wa nyuma ndipo upime. Pima kutoka katikati ya kiungio hadi kioo cha kabini, kisha pima nusu ya upana wa karavani. Kama nusu hiyo ni kubwa zaidi, au inakaribia, chukua kinachoteleza, usibishane. Angalia uzito kinaoweza kubeba. Video itazame hadi mwisho. Na ukigundua umekosea, mwambie baba yako kabla bolti hazijakazwa. Mjomba ni mkali, lakini atakupa futi.

Mungu akulinde wewe na wote watakaolala ndani ya hiyo karavani, akuwekee mzee wa kukuzuia kwa upole, na akujalie masikio ya kumsikia, hata kama leo huyo mzee ni mimi.