Kavugho, Mdogo Wangu wa Maji ya Chumvi

Hapa soko la Beu, mjini Beni, kuna mama mmoja anayeuza makayabu, yule samaki mkavu aliyefukiwa chumvi mpaka anakuwa mgumu kama kandambili. Asubuhi anamloweka kwenye beseni, na maji yale yakianza kutoa harufu watu wanaziba pua wakipita. Mimi napunguza mwendo. Mama anafikiri nataka kununua, ananiita, "Chérie, kuya!" nami natabasamu tu kama mtu aliyepotewa na akili. Kwangu ile chumvi iliyolowa haijawahi kunukia samaki. Inanukia salon, ndiyo sebule, ya Tantine Rosine kule Butembo, wakati nina miaka tisa na mikono yangu imezama majini mpaka kwenye viwiko.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nikisimulia kazini wanacheka kabla sijafika katikati.

Tantine Rosine ni dada mdogo wa baba. Alikuwa anauza vitambaa, na nyumba aliijenga yeye mwenyewe, tofali kwa tofali. Alinichukua kutoka kwa wazazi wangu, kijijini Kasugho, nije kusoma mjini. Nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Mukaka, ndiyo kusema nyanya yangu, mama yao. Na katika salon, badala ya televisheni kubwa kama ya watu wengine, kulikuwa na sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, mawe, na samaki wawili wa rangi ya machungwa waliovaa mikanda myeupe. Kipampu chake kilitumia umeme wa jua, kikinong'ona mchana kutwa. Wageni walikuja kwa mambo yao, wakakaa kitini, halafu chai ikawapoelea mkononi.

Siku moja Tantine alirudi kutoka Kampala amepakata kisanduku cha plastiki cha kutunza baridi mapajani, njia yote, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani kulikuwa na mfuko wa maji, na ndani ya mfuko kitu cha rangi ya kahawia, kimejikunja kama andazi lililoanguka kwenye chai. Rafiki yake wa kule, anayefuga viumbe vya bahari, ndiye aliyempa. Tantine alituambia kwamba mpakani askari mmoja aliinua mfuko juani, akaugeuza, akauliza, "Mama, hii ni mboga ao ni nyama?" Akamjibu ni ua la bahari, anemoni. Askari akarudisha mfuko polepole sana, akasema, "Basi mupeleke kwao, mama. Iko na huzuni."

Hatukumtia kwenye kioo mara moja. Tantine alitoa mpira wa serum, ule mrija wa dripu wa dispensari, akafunga fundo dogo ili maji ya kioo yadondoke tone moja moja ndani ya ndoo alimowekwa. Nilikaa pale chini zaidi ya saa nzima nikihesabu matone, ndipo akamlaza juu ya jiwe. "Hapana kukimbia," Tantine alisema. "Mutu yenye anatoka mbali, unamuachia kwanza azoee."

Kesho yake nilitoka shule mbio, nikakuta jiwe liko tupu. Nikapiga kelele kwamba ua limeibiwa. Kumbe lilikuwa limetembea! Limeshika pembe nyingine ya kioo kwa mguu wake mmoja mnene, na limefunguka. Oh, ndugu zangu. Vidole mia, labda zaidi, kila kimoja kina kitunguu kidogo cha rangi ya waridi kwenye ncha, vyote vinapepea polepole kama watu wanaoimba wimbo mmoja kanisani na kila mtu ana sauti yake. Nilisahau kuvua begi la shule mgongoni.

Tantine akakata kipande cha samaki mbichi, kidogo kama ukucha, akakigusisha kwenye vile vidole. Vikakidaka. Vikakipeleka katikati, na pale katikati pakafunguka mdomo. Mukaka, aliyekuwa anachambua maharagi, akasimama na sahani yake.

"Maua yenye kula nyama?" akasema. "Hapana. Hii haiko maua. Hii ni mutoto."

Sasa hapo ndipo nilipopata wazo langu. Sisi Banande, kama hamjui, jina la kwanza la mtoto linafuata mstari wa kuzaliwa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho, na kuendelea. Dada yangu aliyebaki Kasugho ni Masika. Mimi ni Kavira. Nyuma yangu hakukuwa na mtu. Miaka yote nilitumwa maji, nilivaa nguo za Masika zilizopauka, na sikuwa na wa kumtuma hata kuleta kijiko.

"Anaitwa Kavugho," nikasema.

Tantine alicheka mpaka akashika ukuta. "Kavugho! Ya kweli, anakufuata weye? Basi leo weye ni yaya. Lakini yaya anachunga mutoto wake, unasikia? Hapana kumuachia Mukaka."

Nikawa yaya, ndiyo kusema dada mkubwa. Nilijifunza kusafisha kioo kwa kitambaa kisichoguswa na sabuni, na kulisha mara moja tu katika siku kadhaa hata kama roho yangu ilitaka kumpa kila saa. Samaki wale wawili walimzunguka wiki nzima kama watu wanaochungulia harusi wasiyoalikwa, halafu siku moja mmoja akajitupa ndani ya vidole, akajisugua, akalala. Nilimwonea wivu.

Halafu Tantine akasafiri tena, majuma mawili. Kabla ya kuondoka alichora mstari kwenye kioo kwa rangi yake ya kucha. "Maji ikishuka chini ya hapa, unaongeza maji tupu, ile ya mvua tulichemsha. Hapana chumvi. Chumvi hairuki hewani, inabaki; maji njo inaruka. Umesikia, Kavira?" Nikasema ndiyo. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Kavugho, na masikio yangu yalikuwa huko huko.

Juma la kwanza nilifuata kila kitu. Juma la pili Kavugho akaanza kusinyaa. Vidole vikawa vifupi, akakataa kipande cha samaki, kikaanguka. Nikawaza mpaka kichwa kikauma. Na nikawaza kwa akili ya jikoni, maana ndiyo niliyokuwa nayo: kwetu mtoto akikataa kula, swali la kwanza ni kama chakula kimekolea chumvi. Nilionja maji ya kioo kwa kidole. Chumvi ilikuwemo, lakini mimi niliona haitoshi. Nikajisemesha, maskini, ametoka bahari nzima, anakosa chumvi ya kwao. Nikachukua kijiko kimoja cha chumvi ya jikoni. Kesho yake viwili. Siku ya tatu nilitumbukiza kiganja kizima cha chumvi.

Jioni ile ile, jua bado liko juu ya mikalitusi, nilimkuta Kavugho amejivuta kwenye jiwe, upande huu na upande ule, mrefu kama unga wa chapati unaovutwa na watu wawili. Katikati yake palikuwa pamechanika. Nilimwona anapasuka, mbele yangu, bila sauti.

Nililia mpaka jirani wa nyuma ya ukuta akaita, "Nani amekufa kwenu?"

"Mudogo yangu!" nikajibu.

Mukaka alikuja na tope la bustani mikononi. Akaniangalia, akaangalia kioo, akaangalia kopo la chumvi lililokuwa wazi. "Kavira. Uliweka vijiko ngapi?" Nikainua vidole vitatu, halafu nikaonyesha kiganja. Hakunipiga. Alifuta mkono kwenye kitenge, akatafuta simu, akamwita Tantine, akaishika mbele ya uso kama kioo cha kujitazama huku akipiga kelele kana kwamba Kampala ni upande ule wa mlima.

Sauti ya Tantine ilitoka ndogo na tulivu. "Mupe simu Kavira. Kavira? Hapana kulia kwanza, utalia kisha. Toa maji ndoo moja. Weka ndoo moja ya maji tupu, lakini na mupira ya serum, tone kwa tone. Kesho ndoo ingine. Usimuguse. Hata kama anakuhurumisha, usimuguse."

Mukaka aliinama akashika mpira, mimi nikashika ndoo. Tone, tone, tone. Mguu wangu ulikufa ganzi lakini sikubadilisha. Katikati ya kazi Mukaka akaanza kusali kwa Kinande, na nikasikia anataja jina la Kavugho kabisa, bila kucheka, katikati ya majina ya wajukuu zake wengine.

Siku iliyofuata nilikaa darasani kama gunia. Nilipofika nyumbani niliogopa kuingia, nikabaki mlangoni, nikauliza kutoka nje, "Amekufa?"

"Ingia uhesabu," Mukaka akasema.

Walikuwa wawili. Mmoja juu ya jiwe, mmoja kwenye kioo, kila mmoja na mdomo wake na vidole vyake vifupi vinavyojaribu kupepea. Mukaka akapiga vigelegele, jirani akaja, akina mama wengine wawili wakaja, na salon ikajaa. Mabishano yakaanza pale pale. Mukaka alisema hawa ni mapasa, ndiyo kusema mapacha, na mapasa hawafuati mstari: wanaitwa Nguru na Ndovya. Jirani akasema, "Lakini mama yao njo nani? Huyu ao huyu?" Mukaka akajibu, "Mama yao iko njiani, anatoka Kampala." Wote wakacheka. Mimi nilishika upande wangu, kwamba Kavugho bado ni Kavugho, ila wako wawili.

Tantine alifika Jumamosi mchana. Mukaka alimpokea barabarani kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima: "Karibu, Mama ya mapasa!" Nilimwona Tantine akisimama, mkoba begani, kwa muda wa kupumua mara moja. Halafu akaingia. Akapiga magoti mbele ya kioo na nguo zake za safari, akakitazama. Mimi nilisimama nyuma yake, bado na nguo ya shule ya asubuhi ile, niliyobebea ndoo, nikingoja kofi. Nilifikiri anahesabu vidole vilivyopungua. Mwisho akasema, bila kugeuka, "Yaya Kavira, uliogopa lakini hukuficha. Asante." Na tangu siku ile, jirani akimwita Mama ya mapasa, aliitika.

Baadaye, nikiwa na simu yangu mwenyewe, nilisoma kwamba anemoni hugawanyika hivyo mara nyingine kwa afya na mara nyingine kwa kuumizwa, na kwamba kati ya nusu mbili hakuna mkubwa wala mdogo. Kwa hiyo Mukaka hakushinda, jirani hakushinda, na mimi nilishinda kidogo. Lakini jambo jingine halikuwa kwenye simu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa mama aliponiambia kwamba Tantine aliwahi kuolewa kule Oicha, miaka sita, na akarudishwa kwa sababu mtoto hakuja. Nikakumbuka lile neno la barabarani, mbele ya mtaa mzima, nikasikia aibu ya kuchelewa.

Nilipanda gari mpaka Butembo nikamwuliza. Tulikuwa tunakunja vitambaa. Nikasema, Tantine, ile siku Mukaka alikuita vile, haikukuuma? Ulipiga magoti ukiwaangalia wale wawili.

Akakunja kitambaa mpaka mwisho kwanza, akakilaza juu ya vingine, akakipapasa.

"Wale wawili?" akasema. "Miye sikuangalia wale. Kwenye kile kioo, mchana, unaona mutu yenye anasimama nyuma yako. Niliona katoto kangu kamoja, kamevimba macho juu ya kulia, na chumvi kwenye nguo ya shule. Njo ile nilikuwa naangalia."